Neno la Kurudi

Ilala, Dar es Salaam
Jumapili, 11 Februari 2024

Mjomba Vitalis, shikamoo.

Nakusalimu wewe na Mama Celina na wote hapo Namikunda. Mimi mzima. Biashara yangu ya vifungo na zipu pale Mtaa wa Kongo inakwenda kwa kusukumwa. Januari wazazi wamenunua sare zilizokwisha kushonwa, kwa hiyo mafundi cherehani wanakaa wakinitazama na mimi nakaa nikiwatazama. Najua simu husikii tena na herufi ndogo za meseji huzioni, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu kama zamani. Barua hii nampa konda wa basi la Masasi. Mwambie Mama Celina asimwache aondoke hivihivi, ampe hata karanga.

Mjomba, kaka Beno yuko kwangu tangu Krismasi. Ni ini. Tumbo limejaa, miguu imevimba, macho yamekuwa ya njano. Hospitali wamesema nimrudishe nyumbani nimpe chochote anachopenda kula, na maana ya maneno hayo unaijua. Chumba changu ni kimoja, kwa hiyo yeye yuko kitandani na mimi niko chini. Nikienda Kariakoo, Zena, jirani yangu wa mlango wa pili, anakaa naye.

Mengine uliyasikia kwa watu, sasa yasikie kwangu. Agnesi alipopata ule ugonjwa wa damu, Beno alikuwa bado anahubiri pale kona ya Msimbazi na kipaza sauti chake. Alitangaza mbele ya soko kwamba Bwana amemwambia mwanawe atapona. Watu walipiga makofi, hata wauza viatu waliacha viatu vyao wakasogea. Mtoto akafa. Mlimzika ninyi hapo, ndani ya ua wa kanisa, akiwa na miaka saba. Mama yake, Violeth, alirudi kwao Songea na Beno akarudi huku. Jumapili iliyofuata akasimama kanisani kwetu, sisi tukadhani anataka kuombewa. Akasema, "Mimi nimeacha. Mungu mliyenipa nawarudishia. Msiniite tena ndugu." Akaweka kipaza sauti juu ya meza ya Bwana, akatoka. Mchungaji akatangaza kwamba Beno ameikana imani. Sasa ni mwaka wa pili, na sijamwona akiomba hata kwa chakula.

Ana haja moja tu. Anataka azikwe pembeni ya Agnesi. Nilimwambia lile eneo ni la kanisa. Akasema, "Najua. Mwambie Mjomba." Basi nakwambia.

Mpwa wako,
Angelina


Namikunda, Masasi
3 Machi 2024

Mpwa wangu Angelina, marahaba.

Barua ilifika, na konda wako alikula karanga na muhogo juu yake. Sisi hatujambo. Mama Celina analalamika goti. Mahindi ya bondeni yamesimama vizuri, ya mlimani tunayaonea huruma. Masikio yangu yamekwisha kabisa. Jumapili nahubiri bila kujua kama watu wanaitikia amina au wanapiga miayo, na kwa kweli nimeanza kupendelea hivyo.

Habari ya Beno nimeisoma. Ninavyofundisha unajua, maana niliwafundisha ninyi wawili hapa hapa, baada ya dada yangu kufariki na kuniachia ninyi. Mtu aliyeshikwa na Mungu hadondoki. Anaweza kujikwaa, anaweza kulala matopeni, anaweza hata kutukana. Lakini mwisho wake atarudi, kwa kuwa anayeshika ni Mungu, siyo yeye. Na yule asiyerudi mpaka kufa, msiseme ameponyoka mkononi. Huyo hakuwahi kuwamo. Alikuwa anatembea nasi njia moja tu.

Ndani ya ua wa minyaa wanalala waliofia kundini. Wengine huzikwa nje ya minyaa, bila kengele na bila wimbo. Sheria hiyo sikuitunga kwa ajili ya Beno. Kaka yangu mwenyewe nilimzika nje, na siku ile mvua ilinyesha tukiwa watu watatu tu.

Hata hivyo utaratibu upo. Mgonjwa asiyeweza kuja kusimama mbele ya kanisa hutuma neno la kurudi. Linaandikwa na ndugu aliyelisikia likitoka kinywani mwake, nami nalisoma mbele ya watu. Likishasomwa, amerudi kundini, hakuna wa kumwuliza zaidi. Niletee neno la kurudi, nami nitamlaza pale anapotaka.

Hujaniambia kama anakula.

Mjomba wako,
Vitalis


Ilala
7 Aprili 2024

Mjomba, shikamoo.

Natumaini goti la Mama Celina limepata nafuu. Huku mvua imeanza vibaya. Jangwani kumejaa maji, na bidhaa zangu nusu zililowa. Vifungo havina neno lakini zipu zimeshika kutu.

Anakula uji. Siku akijisikia vizuri Zena anamletea samaki wa Feri, anamchambulia miiba kama mtoto. Zena ni Mwislamu, kama hujafahamu kwa jina. Hajamwuliza Beno swali hata moja kuhusu dini.

Barua yako nilimsomea. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Masikio yake ndiyo basi tena?" Nikamwambia, kaka, sema tu neno, mimi niliandike. Sema "nimerudi". Nani atakudai zaidi ya hapo? Akanijibu, "Anje, nilishawahi kusema uongo mmoja na kipaza sauti, soko zima likasikia. Wa pili sitaki." Nikalia, naye akaniambia nisilie kwa sauti kwa kuwa mwenye nyumba atadhani tayari.

Sasa na mimi nina neno langu, unisamehe. Unasema asiyerudi hakuwahi kuwamo. Mimi niliokoka kwa mahubiri ya Beno. Nilikuwa nimesimama na beseni langu pale Msimbazi, nimekwenda kumcheka kaka yangu anavyojipigia kelele, nikajikuta nimepiga magoti kwenye lami. Wapo wengine, nawajua kwa majina, leo ni wazee wa kanisa. Kama Beno hakuwahi kushikwa, mimi nilishikwa na nani? Mtu asiye na mkono alinivutaje?

Na yale machozi yake kwenye maombi, unayakumbuka, wewe ndiye uliyemwambia apunguze. Yalikuwa maigizo? Mtu anaigiza miaka yote hiyo mpaka usingizini? Nilimsikia akimwita Yesu usingizini, Mjomba. Mimi naudhika. Naona fundisho lako limetengenezwa vizuri kiasi kwamba haliwezi kukosea hata siku moja: akirudi, umesema kweli, asiporudi, umesema kweli.

Nijibu hilo.

Angelina


Namikunda
21 Aprili 2024

Mpwa wangu Angelina,

Salamu nyingi. Mama Celina anasema umekonda, sijui amekuona wapi. Nami namwombea kila mtu wa nyumba hiyo, pamoja na huyo Zena.

Swali lako nimelisoma. Mbaazi zimekubali mwaka huu, tukijaliwa nitakutumia gunia.

Kuhusu mgonjwa, mwulize tena. Wakati mwingine mtu hukataa kwa mdomo kwa sababu ya aibu. Mwulize kwa upole, asubuhi, akiwa ameshakunywa uji. Si lazima atamke. Akikubali kwa kichwa inatosha. Akikushika mkono unapoomba, akafumba macho, hilo nalo ni neno. Kanisa halikusema lazima iwe sentensi ndefu.

Nimekaa na wazee. Niliwaambia tunasubiri barua kutoka Dar. Nao wanasubiri. Wewe ukiandika neno hilo, mimi nitalisoma. Sitakuuliza ulilipataje.

Nakumbuka alipokuwa mdogo alikuwa analala na kiatu kimoja mguuni ili nisiondoke shambani bila yeye. Sijui kwa nini naandika hili.

Vitalis


Ilala
Jumamosi, 8 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Safari hii salamu zitakuwa fupi. Barua yako ya Aprili ilinifikia mwishoni mwa Mei. Barabara ilikatika huko Somanga, mabasi yakalala njiani, na konda alikaa nayo mfukoni mpaka wino ukachuruzika. Niliisoma yote isipokuwa mstari mmoja.

Kaka Beno amefariki jana Ijumaa mchana. Jirani zako nimekwisha kuwapigia simu ya kifo wakuambie. Tunaondoka leo na mwili. Barua hii nimeikunja ndani ya mkoba wangu, nitakupa mkononi nikifika, kwa kuwa haya siwezi kuyapiga kelele sikioni mwako mbele ya watu.

Nilimwuliza kama ulivyosema. Asubuhi, baada ya uji. Nilimwambia, "Kaka, unarudi?" Akasema, "Agnesi aliniuliza kama atapona. Nikamwambia Mungu amesema ndiyo. Anje, mtu wa mwisho niliyemhubiria ni yeye."

Nilijaribu na mkono. Nikamshika nikaanza kuomba. Akautoa mkono wake, taratibu, hakunisukuma. Akaniomba radhi kwa kuutoa.

Jana Zena alikuwa amekaa karibu naye anasoma dua kwa sauti ya chini. Beno akamwambia, "Da Zena, usijisumbue." Zena akamjibu, "We nyamaza bwana, najiombea mwenyewe." Beno akacheka kidogo. Kisha akaniita, akasema, "Mwambie Mjomba asinichukie." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, hakuna mengine. Mchana akaacha kupumua nikiwa namgeuza.

Sasa nakuambia na hili. Baada ya watu kuja kumwosha, nilikaa uani nikachukua karatasi. Nikaandika, "Beno amerudi." Maneno mawili, kwa mwandiko mzuri kuliko huu. Nikayatazama. Najua ungeyasoma, na usingeuliza. Nikaichana. Namwogopa Mungu, Mjomba, na wewe ndiye uliyenifundisha kumwogopa, kwa hiyo usinilaumu.

Hakurudi. Nimeandika ukweli nilioushuhudia. Mzikeni mtakapoona panafaa. Naomba tu asizikwe na watu watatu.

Angelina


Ilala
30 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Nilifika salama. Nimerudi kwenye biashara, watu wananipa pole huku wakipunguza bei ya vifungo. Kitanda nimekihamishia upande mwingine wa chumba. Zena amenifulia mashuka yote, hakuniacha niguse hata ndoo.

Nimesubiri uniandikie wewe kwanza. Umenyamaza, basi naanza.

Nilipokupa barua yangu ukaisoma pale nyumbani mbele yangu, midomo ikitembea. Ukaikunja ukaitia ndani ya koti. Hukunitazama. Kaburi nililiona, lilikuwa limekwisha kuchimbwa, nje ya minyaa, kwenye ile nyasi inayokata. Nikajua umeamua. Niliumia, lakini nikasema moyoni, angalau Mjomba ni yuleyule.

Ukasimama mbele ya kanisa. Mimi nilikuwa chini mkekani na kina mama. Ukatoa barua yangu, ukaifungua, ukavaa miwani, ukasoma kwa ile sauti yako kubwa ya mtu asiyejisikia: "Beno ndugu yetu amerudi. Asubuhi alinishika mkono nikiomba, akafumba macho, akasema, Bwana nipokee." Ukasoma mpaka mwisho, ukataja jina langu kama shahidi. Kina mama wakapiga vigelegele msibani. Mama Celina akaweka kanga mdomoni. Vijana wakakimbilia majembe wakachimbe kaburi lingine ndani, jeneza likasubiri juani, kengele ikapigwa, na watu wakaimba mpaka sauti zikakauka. Mwanamke mmoja nisiyemjua alinikumbatia, akaniambia amepata nguvu ya kumsubiri mwanawe aliye mlevi.

Barua ile niliandika mimi. Haikusema hivyo. Nami nilikaa kimya, nikatupa udongo, nikala ubwabwa.

Habari zimefika huku. Mchungaji alikuja hapa dukani kwangu, barazani, mbele ya wateja, amejaa furaha. Anataka Jumapili ya pili ya Agosti nisimame nitoe ushuhuda jinsi Beno alivyorudi. Anasema itawajenga wengi. Nimemwambia nina kifua.

Mjomba, nakuuliza na usinijibu mambo ya mbaazi. Ulisema vile kwa ajili ya Beno, au kwa ajili ya fundisho lako? Maana Beno alikuwa mtu pekee ambaye huwezi kusema hakuwahi kuwamo, nawe unajua huwezi. Ilibidi arudi ili wewe uwe sahihi. Kama ni hivyo, umemzika kaka yangu kwa jina la mtu mwingine. Na kama siyo hivyo, niambie, kwa sababu siwezi kuomba. Nikifumba macho naisikia sauti yako inasoma.

Angelina


Namikunda
28 Julai 2024

Mwanangu Angelina,

Marahaba ya shikamoo zako zote. Mama Celina hajambo, goti limeamua kukaa hivyo. Mikorosho inaanza kutoa maua. Gunia la mbaazi nilimpa konda, kama halijafika mtafute.

Ulichoniuliza kimenikalisha chini mwezi mzima. Nitakijibu kadiri ninavyojua, na ninavyojua ni kidogo.

Nilikusudia kuisoma kama ilivyo. Usiniulize mara mbili, ni kweli. Kaburi nililiagiza mwenyewe lichimbwe nje, nilisimamia, nikawaambia vijana walichimbe kwa kina kizuri. Nilipofungua barua mbele ya watu, jicho langu halikuanza juu. Lilianguka pale alipokutuma uniambie nisimchukie. Nikatafuta mstari wa kwanza, sikuuona tena. Hapo neno likanitoka. Mimi sikulisikia. Nilimwona tu mke wangu ameweka kanga mdomoni, nikafahamu nimesema nini, na kwa kuwa nilikwisha kuanza nikaendelea mpaka mwisho. Maneno ya mkono na kufumba macho nilikuwa nimekutungia wewe mwezi wa nne. Nilikuwa nayo tayari.

Kwa ajili ya nani, sijui. Ningependa kukuandikia kwamba ni kwa ajili yake. Nilimlea. Lakini uliposema ilibidi arudi ili mimi niwe sahihi, nilihisi kama mtu aliyevuliwa shati barabarani. Huenda ni hilo pia. Na kuhusu nani alikushika wewe pale kwenye lami, jibu sikuwa nalo Aprili na sinalo leo. Nadhani alikuwa Mungu, na alipitia kwa Beno, na Beno alikuwamo. Zaidi ya hapo fundisho langu linagota.

Sasa nikuambie nilichokifanya tangu hapo, ukijue wewe peke yako. Madhabahuni sipandi tena. Nimewaambia wazee ni masikio. Meza ya Bwana inapita, nainamisha kichwa. Wanadhani ni unyenyekevu, wameanza kuniheshimu zaidi.

Toba ya uongo kama ule unaijua, ni moja. Nisimame palepale niseme sikusoma kilichoandikwa. Siku nikisema, wazee hawatamfukua Beno, ukatili huo hawana. Watang'oa msalaba, kisha watachukua miche ya minyaa na kuipanda kati yake na Agnesi, ua upinde, yeye abaki nje na mtoto ndani. Nimeona wakifanya hivyo kwa mwingine, na mimi ndiye niliyewashikia kamba wapate mstari.

Kwa hiyo sitasema. Si leo, wala nikiwa kitandani. Ninavyofundisha kuhusu mtu anayeijua dhambi yake akaamua kufa nayo, na upande wa minyaa anaozikwa, ulinisikia tangu utoto, sina haja ya kukuandikia.

Wewe kwa mchungaji wako usisimame. Endelea kuumwa kifua. Usiseme uongo, na ukweli huo niachie mimi. Ukiweza kuomba, omba. Kama huwezi, kaa na Zena anapoomba yeye, sidhani kama kuna ubaya.

Jambo moja limebaki. Lile kaburi la nje bado liko wazi. Wazee walitaka tuzike mgomba ndani yake kama desturi ilivyo, kwa kuwa kaburi lililochimbwa likiachwa tupu watu wanaogopa litadai mtu. Juzi walikuja na mgomba wenyewe, umekatwa vizuri, wamebeba begani. Nimewarudisha. Nimewaambia waufunike mdomo wa kaburi kwa mbao, watoto wasije wakatumbukia, na wasilifukie, kwa sababu kaburi hilo lina mwenyewe.

Mjomba wako,
Vitalis